Kijito cha chini ya Wanale: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wakazi wa Mbale na yeyote anayetaka kujiunga na kikundi chetu cha kujitolea kinachotunza kijito. Maswali yametoka sokoni, kwenye mikutano ya LC1 (baraza la kijiji au mtaa) na kwenye kundi la WhatsApp, ambako swali moja huulizwa mpaka msimamizi anajifanya hayupo. Pale penye ubishi tumejibu kwa kirefu. Pale pasipo na ubishi tumepita haraka.

Mnazungumzia kijito kipi hasa?

Kimojawapo kati ya vile vinavyoshuka kutoka Wanale, ule ukuta wa mawe unaouona ukiwa karibu popote mjini, na kuingia Mto Nabuyonga. Wenyeji wana majina tofauti kwa kila kipande cha kijito hiki na kila upande unatetea lake, kwa hiyo hapa tunasema "kijito" basi. Baada ya Nabuyonga maji yanaelekea kinamasi cha Namatala, yanaingia Mto Mpologoma, yanafika Ziwa Kyoga, na kutoka huko yanafuata Nile. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, uliyoitupa nyuma ya kibanda ina safari ndefu mbele yake, ingawa nyingi haziendi mbali: zinakwama kwenye kalvati ya kwanza.

Kazi yenu ni kuokota takataka, sivyo?

Tunaokota, ndiyo, lakini hiyo ni sehemu ndogo, na tungependa watu waache kutuita "wale wa takataka".

Anayekuja mara ya kwanza hupewa reki na gunia, akapelekwa kwenye kalvati. Takataka za juu huisha upesi. Chini yake kuna tabaka la udongo, chini ya udongo kaveera, chini ya kaveera udongo tena, na kuendelea hivyo mpaka magotini, kila tabaka likiwa ni mvua moja kubwa iliyopita. Ukivuta kaveera moja inafuatana na nyingine tano, ndara ya mguu mmoja, chupa ya soda iliyojaa mchanga, na pampasi iliyonyonya maji hadi reki haiwezi kuiinua.

Sasa tazama huo udongo, kwa sababu ndio unaotusumbua kuliko plastiki. Umetoka kwenye mashamba ya juu na kwenye kingo zilizolimwa mpaka mstari wa maji. Kijito kikijaa udongo kinapungua kina, maji yanatafuta njia ya pembeni, na njia ya pembeni ni sebule ya mtu. Unaweza kuokota kila Jumapili mpaka uzeeni, na kama ukingo ni uchi, mvua ya kwanza ya Machi itakurudisha pale pale.

Ndiyo maana tukiulizwa tumefanya nini mwaka huu hatutaji magunia. Tunataja mita za ukingo zilizoachwa na jembe na ambazo zina kitu chenye mizizi.

Sheria inasemaje kuhusu ukingo?

Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa ziliweka ukanda wa hifadhi wa mita 100 kwa mito iliyotajwa kwenye jedwali lake, na mita 30 kwa mito mingine, kipimo kikianzia pale maji yanapofika yakiwa yamejaa kabisa. Mto Namatala umo kwenye jedwali hilo. Kijito chetu ni cha mita 30. Kuna pia Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995, na msimamizi wake ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Juu ya zote kuna Katiba ya 1995: ibara ya 237 inasema mito, maziwa ya asili na ardhi oevu vinashikiliwa na serikali kwa amana ya wananchi, na ibara ya 39 inampa kila raia wa Uganda haki ya mazingira safi na yenye afya.

Hiyo ni karatasi. Sasa ondoka majini utembee hatua 40 ukiwa mjini, uone umetokea wapi. Sehemu nyingi utakuwa umeshapita jikoni kwa watu na umesimama barabarani.

Sisi wenyewe sheria inatubana pia. Kugeuza njia ya maji, kuchimba kitanda cha mto au kujenga ukuta ndani ya ukanda huo ni mambo ya kuombewa ruhusa. Kwa hiyo hatuchimbi na hatunyooshi. Tunaokota, tunapanda, tunazungumza na majirani.

Kumbe mnataka kuwafukuza watu wa ukingoni?

Hapana. Tunaomba jibu hili lisomwe pole pole kwa sababu ndilo linaloleta maneno sokoni.

Wengi wanaoishi kando ya kijito ni wapangaji. Mwenye nyumba anaishi kwingine, kwenye kilima, na maji yakiingia hayamkuti yeye. Mama aliyepanda sukuma wiki mpaka majini hakufanya hivyo kwa kuidharau Katiba. Amepanda kwa sababu ndiyo ardhi aliyoipata, na mboga hiyo ndiyo ada ya shule. Kikundi cha kujitolea hakina mamlaka ya kumwondoa mtu, na hata kingekuwa nayo, tunaona ni uonevu kuanza na mnyonge huku kuta za wenye uwezo zikisimama ndani ya mita hizo hizo.

Tunachofanya ni kuomba mita 3. Siyo 30. Mita 3 kutoka majini zisiguswe na jembe, na badala ya mboga tunapanda pamoja kitu kinacholeta faida: matete ya kulishia ng'ombe, mianzi ya kuuza nguzo, au mti wa matunda mwishoni mwa ukanda. Jirani ndiye anayevuna. Akiona ukingo wake haumomonyoki ilhali wa jirani unakatika, mara nyingi mazungumzo ya mita nyingine 3 yanaanzishwa na yeye mwenyewe. Kuna waliokataa, na bustani zao ziko pale pale, tunasalimiana vizuri.

Mtu wa sheria atasema mita 3 ni uvunjaji wa kanuni. Tunakubali. Lakini mita 3 zenye nyasi tumeziona kwa macho, na zile 30 kwa sasa zinaonekana zaidi kwenye mikutano.

Mngepanda miti mapema, mafuriko ya 2022 yasingetokea?

Yangetokea. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha milimani, Nabuyonga na mito ya jirani ikavunja kingo zake, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha Mbale na maeneo ya jirani. Hakuna mstari wa miche unaozuia maji ya kiasi kile, na anayekuambia miti yake ingeuokoa mji usiku ule anauza miche.

Lakini swali ni zuri, kwa sababu maji yale yalipita hatua tatu kabla ya kufika mlangoni, na katika kila hatua binadamu ana mkono wake.

Ya kwanza ni mteremko. Udongo wenye majani na mizizi unafyonza sehemu ya mvua na kuiachia taratibu. Udongo uliokwanguliwa na kukanyagwa hadi ukawa mgumu unaipitisha, na mabati na lami vinaipitisha yote. Kwa hiyo mvua ile ile ambayo zamani ingefika mjini kwa muda wa nusu siku sasa inafika kwa pamoja. Tena huu ni Mlima Elgon, udongo wake ni mzito wenye rutuba, na ukilowa kupita kiasi mlima wenyewe unashuka: Nametsi kule Bududa ilifukiwa Machi 2010, na Oktoba 2018 mawe na matope viliteremkia Bukalasi.

Ya pili ni njia. Kijito chenye kona, mawe na vichaka huyachelewesha maji. Kikinyooshwa kama mtaro kinayapeleka haraka, na watu wa hapo wanafurahi kwamba maji hayasimami kwao, wakati jirani wa chini anapokea yote kwa mpigo.

Ya tatu ni nafasi, na hii ndiyo inayookoa roho. Mto una haki ya kufurika, umefurika kabla Mbale haijawa mji. Kinachoamua kama ni habari ya redioni au ni msiba ni kama kuna mtu amelala pale maji yanapotanda. Miti ya ukingoni inasaidia hapa kwa njia moja isiyosemwa sana: inashika eneo. Pakiwa na mianzi iliyokomaa, si rahisi mtu kuja usiku akapima kiwanja.

Tunachoweza kuahidi ni kuhusu mvua za kawaida, zile za Aprili na Mei na zile za Agosti kuendelea. Kwa hizo, ukingo wenye mizizi hauliwi na kalvati safi haizibi. Zaidi ya hapo tukiahidi tutakuwa tunadanganya.

Mnapanda nini?

Karibu na maji kabisa, nyasi za vetiva na matete. Vetiva mizizi yake inashuka wima, mita 2 hadi 3 chini, na haisambai kwa mbegu kwa hiyo haitavamia shamba la mtu. Matete yanaenea, lakini ng'ombe wa Mbale wanahakikisha hayazidi.

Nyuma yake, mianzi. Wengi wanauliza kama ni ule wa malewa, yaani machipukizi ya kula. Hapana, mwanzi wa malewa ni wa juu mlimani na haupendi joto la mjini. Tunapanda ule unaoota kwa kichaka.

Kisha miti: mutuba, musizi, mvule, nsambya. Mutuba tunaupenda kwa uvivu wetu, kwa sababu unakata tawi nene, unalisimika kwenye udongo wenye unyevu, na linachipua bila kitalu wala kubembelezwa. Pale chini ambako maji yanatulia kuna mafunjo, hayo hatuyapandi, tunawaomba tu watu wasiyachome.

Tunapanda mvua zinapoanza kushika, Machi mwishoni au Aprili. Adui wa kwanza wa mche ni mbuzi. Wa pili ni kiangazi cha Desemba hadi Februari. Anayejitolea kumwagilia miche Januari, peke yake, bila kupigwa picha, huyo tunamhesabu kuliko waliokuja mia siku ya kupanda.

Kwa nini hamtaki mikaratusi? Inakua haraka na ina soko.

Kweli ina soko, na mlimani penye eneo lake hatuna ugomvi nayo. Ukingoni ina kasoro mbili: inakunywa maji mengi, na chini yake hakuoti kitu cha maana, kwa hiyo udongo unabaki wazi na mvua inauchukua kati ya mti na mti. Mwenye mikaratusi tayari hatumwambii aing'oe. Akikata kwa ajili ya nguzo, tunamwomba safu ya kwanza kutoka majini asiirudishie.

Na wakulima wa juu? Udongo si unatoka kwao?

Sehemu kubwa, ndiyo. Watu wa mjini hupenda sana jibu hili kwa sababu linahamisha lawama mlimani. Tumekwenda kuongea nao. Wengi wanafahamu makinga maji ya fanya juu, ule mfereji unaochimbwa kwa kufuata usawa wa mteremko na udongo wake kutupwa upande wa juu, kisha nyasi zinapandwa pale tuta lilipo. Tatizo ni nguvu kazi. Shamba ni dogo, vijana wako mjini wanaendesha boda boda, na mfereji unachimbwa na bibi. Siku tunazopanda mlimani kwenda kuchimba nao ndizo zenye wajitoleaji wachache na, kwa maoni yetu, ndizo zenye maana kubwa. Vaa viatu vinavyoshika, Wanale si mchezo.

Kahawa ina uhusiano gani na kijito?

Arabika ya Bugisu humenywa, huchachushwa na kuoshwa kabla ya kuanikwa. Maji ya kuoshea yanabaki na sukari na asidi ya tunda. Yakimwagwa mtoni, vijidudu vinaila hiyo sukari na katika kuila vinamaliza oksijeni, samaki na wadudu wanakosa pumzi. Msimu wa mavuno utanusa kabla hujaona. Dawa yake si ngumu: shimo la kunyonyea maji mbali na kijito, na maganda yarudi shambani yakiwa mboji. Vikundi vingi vya wakulima vinafanya hivyo tayari. Wanaotuumiza ni wenye mashine ndogo za mkono zilizowekwa pembeni kabisa mwa maji, kwa sababu kubeba ndoo ni kazi.

Mnajuaje kama kijito kinapona?

Kuna njia tatu, na hakuna inayohitaji maabara.

Tunapiga picha mahali pale pale, kutoka jiwe lile lile, kila msimu. Tunajaza chupa angavu baada ya mvua na kuiacha itulie, tunaona udongo umefika wapi.

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa. Mtu mmoja anasimama majini na gambuti, anasugua na kutikisa mawe kwa miguu. Mwingine ameshika wavu mdogo upande maji yanakoelekea. Kilichonaswa kinamwagwa kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo. Mwanzoni ni matope na vipande vya majani. Tulia. Kijiti kinaanza kutembea: ni mdudu aliyejijengea nyumba kwa punje za mchanga na majani, naye anachomoa kichwa. Kitu bapa chenye mikia mitatu kinakimbilia kivuli cha kokoto. Hawa wanahitaji maji yenye oksijeni nyingi, kwa hiyo wakiwepo, maji yana nafuu. Ukikuta ruba na vijifunza vyekundu vinavyojikunja, basi, pamechafuka. Wekundu wao ni hemoglobini, ya jamii moja na ile ya damu yetu, na ndiyo inayowawezesha kuishi pale ambapo hewa karibu imekwisha. Kwetu, juu ya barabara kuna wenye mikia mitatu. Chini ya kalvati ni vijifunza. Umbali kati yao unautembea kabla hujamaliza kula hindi la kuchoma.

Mara nyingine ananaswa kaa. Wazee wanamwogopa kwa sababu ya kweli: nzi aina ya *Simulium neavei* hukuza lava zake zikiwa zimejishikiza kwenye mwili wa kaa wa mtoni, na nzi huyo ndiye aliyekuwa akisambaza usubi, ugonjwa wa upofu wa mtoni, katika vijito vya Elgon. Dawa ya ivamektini ilianza kugawiwa mara moja kwa mwaka katika miaka ya 1990, kuanzia 2007 ikawa mara mbili kwa mwaka pamoja na kuua lava mitoni, na maambukizi ya usubi katika eneo hili la mlima yakakomeshwa. Kaa hana kosa. Mrudishe majini.

Basi maji yake yananyweka?

Hapana. Wadudu wazuri hawaondoi vijidudu vya choo. Kuna vyoo vya shimo karibu na maji, na kuna watu wanaosubiri mvua kubwa ili wafungue choo kijisafishe chenyewe. Ukichota huko, chemsha.

Nikiingia majini nitaugua?

Inawezekana ukiwa mzembe. Gambuti na glavu nzito ni lazima, na hatumruhusu mtu kuingia na ndara hata kama ni mzaliwa wa hapo. Hatari ya kila siku ni chupa zilizovunjika, misumari na sindano. Ukikanyaga msumari nenda kliniki siku hiyo hiyo uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Mkojo wa panya kwenye maji unaweza kuleta leptospirosisi, kwa hiyo mwenye kidonda afanye kazi ya nchi kavu. Kichocho kinategemea konokono wanaopenda maji yaliyotulia, na sehemu zetu nyingi zina kasi, lakini kwenye madimbwi ya chini usiloweke miguu. Mvua ikianza juu ya Wanale, hata kama mjini kuna jua, tunatoka majini wote, na hili halina mjadala.

Mnakutana siku gani?

Swali dogo ambalo lilituchukua vikao vingi. Ijumaa Waislamu wako msikitini. Jumamosi Waadventista wanasali, na Abayudaya, Wayahudi wa Nabugoye, wana Sabato yao. Jumapili asubuhi ni kanisa. Kwa hiyo kazi kubwa ni Jumapili ya mwisho wa mwezi kuanzia saa nane mchana, na kazi ndogo ni Jumatano jioni. Mwezi wa Ramadhani Jumatano tunafunga kazi mapema.

Mwaka unaogawanyika kwa mbili ni mwaka wa imbalu, tohara ya kimila ya Wagisu, na kuanzia Agosti usimtegemee mtu. Barabara zimejaa ngoma, nusu ya wajitoleaji wana kijana wa kusindikiza. Pia kuna sehemu za kinamasi ambazo udongo wake unahusika na mila hiyo. Hizo hatuzigusi bila wazee kusema.

Mnalipa? Kuna posho ya usafiri?

Hakuna posho. Tunajua mashirika yamezoeza watu kwamba ukikaa kwenye kiti saa mbili unarudi na bahasha, na anayeuliza hatumcheki, maisha ni magumu. Kuna kikomando baada ya kazi: chapati iliyokatwakatwa na maharage, na ukichelewa ni maharage peke yake.

Michango tunapokea kwa vitu: miche, magunia, glavu, samadi. Akikupigia mtu kwa jina letu akitaka pesa kwenye simu, si sisi.

Takataka mnazitoa, halafu?

Hapa ndipo vikundi vingi vinapokwama. Takataka zikirundikwa ukingoni "lori litakuja kesho", mvua ya usiku inazirudisha majini. Hatuanzi kazi kabla ya kukubaliana na watu wa jiji siku na saa ya lori. Chupa za plastiki na vyuma vina wanunuzi wa kwa kilo, na vijana wanaookota kila siku ndio wenye haki ya kwanza kuvichukua, siyo sisi wa mara moja kwa mwezi. Kaveera chafu haina mnunuzi. Hiyo inakwenda jalalani. Hatuchomi.

Kaveera si zilishapigwa marufuku?

Zile nyembamba, chini ya maikroni 30, zilipigwa marufuku tangu 2009 kupitia Sheria ya Fedha, na sheria ya mazingira ya 2019 ikarudia. Nenda kanunue nyanya leo uone zinafungwa kwenye nini.

Vijana wanaoosha boda boda mtoni mtawafanya nini?

Tuliongea nao kwanza kama wafanyabiashara, kwa sababu ndivyo walivyo. Wanachohitaji ni maji karibu na mahali pa kusimamisha pikipiki. Wanachoharibu ni mafuta na sabuni, na kukwangua ukingo kwa magurudumu. Sehemu moja wamekubali kuvuta maji kwa bomba hadi juu, kwenye sakafu ya kokoto yenye shimo la kunyonyea. Sehemu nyingine wamekataa. Wale waliokubali wamekuwa walinzi wetu bora: wapo kutwa nzima na wanajua nani anatupa nini.

Nimeona mtu au kiwanda kinamwaga uchafu. Nifanye nini?

Usigombane. Andika saa, mahali, rangi na harufu, piga picha ukiwa mbali. Anza na mwenyekiti wa LC1, kisha ofisa mazingira wa jiji. Ikiwa ni kubwa, NEMA, na kuna ofisi ya serikali ya usimamizi wa maji ya ukanda wa Kyoga hapa hapa Mbale. Andika barua, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Malalamiko ya mdomo huyeyuka. Usilete majina kwenye kundi la WhatsApp, tutayafuta.

Kuna chama cha siasa nyuma yenu?

Hakuna. Mwanasiasa anakaribishwa kama mtu mwingine yeyote, na gambuti zake. Fulana zenye sura ya mtu hazivaliwi siku ya kazi. Waliokuja na kamera wamepewa reki, na baadhi yao, tuseme haki, wamebaki mpaka jioni.

Watoto wanaruhusiwa?

Kwenye kitalu na kwenye beseni la wadudu, ndiyo, na wanaona kuliko sisi. Majini hapana mpaka miaka 18. Shule zinazotaka kuja zitutaarifu mapema ili tupate watu wazima wa kutosha.

Kwa nini mnaandika Kiswahili?

Kwenye kikundi kuna Wagisu, Waiteso, Wagwere, Wanubi, na wafanyabiashara waliovuka kutoka Kenya. Matangazo ya mdomo hufanywa kwa lugha tatu au nne. Kwenye maandishi tulichoka.

Niliacha panga langu siku ya kazi. Liko wapi?

Zana zote zilizosahaulika ziko kwenye stoo ya mwenyekiti wa LC1, nyuma ya nyumba, kwenye pipa la bluu. Njoo jioni, siyo asubuhi, mzee anakuwa shambani. Panga lenye utepe mwekundu kwenye mpini limedaiwa na watu watatu, kwa hiyo kama ni lako, njoo na anayekufahamu. Gambuti la mguu wa kushoto, saizi ndogo, bado halijapata mwenyewe.